John Snow: daktari aliyefuata kipindupindu mpaka kisimani

Mwaka 1854, katikati ya jiji la London, kulikuwa na kisima ambacho watu walikipenda kuliko visima vyote vya jirani. Kilikuwa mtaa wa Broad Street, eneo la Soho, na kilikuwa na pampu ya mkono kama zile tulizozizoea vijijini kwetu. Maji yake yalikuwa baridi, maangavu na matamu. Wapo waliokuwa na pampu nyingine karibu na mlango wao, lakini waliipita wakaenda kuchota Broad Street.

Mwanzoni mwa Septemba mwaka huo, maji hayo yaliua mamia ya watu ndani ya siku chache.

Aliyeonyesha kwamba kifo kilitoka kwenye pampu hiyo ni daktari mmoja aliyeitwa John Snow. Leo jina lake hufundishwa katika vyuo vya afya dunia nzima, lakini alipokufa, madaktari wengi wa nchi yake walikuwa bado wanaamini kwamba alikosea. Maisha yake yanatuhusu sana sisi tunaokunywa maji ya visima, kwa sababu jambo alilolipigania bado linatusumbua: macho na ulimi havitoshi kutuambia kama maji ni salama.

Mtoto wa kibarua

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto tisa. Baba yake alikuwa kibarua, na nyumba yao ilikuwa mtaa wa watu wa hali ya chini, karibu na mto Ouse.

Alionekana mapema kuwa na akili ya hesabu. Akiwa na umri wa miaka 14 wazazi wake walimpeleka mji wa Newcastle akajifunze uganga chini ya daktari mmoja. Siku hizo vijana wengi waliingia kazi hiyo kwa njia hii: unaishi kwa mwalimu wako, unachanganya dawa, unamfuata kwa wagonjwa, na unajifunza kwa kutazama.

Tangu ujana wake Snow alikuwa mtu wa kujiwekea masharti. Akiwa na miaka 17 aliacha kula nyama, akaacha pombe pia, na akawa mtu wa kuchagua sana maji anayokunywa. Wenzake walimwona mtu wa ajabu kidogo. Alikuwa mkimya, hakuwa na mbwembwe, na maisha yake yote hakuoa.

Kukutana na kipindupindu kwa mara ya kwanza

Mwishoni mwa mwaka 1831 kipindupindu kiliingia Uingereza kwa mara ya kwanza, kupitia bandari ya Sunderland, karibu kabisa na Newcastle. Ugonjwa huo ulikuwa umetoka India ukifuata njia za biashara na za majeshi. Watu walikuwa hawajawahi kuona kitu kama hicho. Mtu anaamka mzima, mchana anaharisha maji matupu na kutapika, jioni amekauka na kubadilika rangi, usiku amekufa.

Snow alikuwa na miaka 18. Mwalimu wake alielemewa na wagonjwa, akamtuma kijana huyo peke yake katika machimbo ya makaa ya mawe ya Killingworth akawahudumie wachimbaji. Dawa za kweli hazikuwepo.

Lakini katika machimbo hayo kulikuwa na jambo la kutazama. Wachimbaji walishinda chini ya ardhi kwa saa nyingi. Chini kule hapakuwa na choo wala maji ya kunawa. Walijisaidia humohumo, na wakati wa chakula walishika mkate kwa mikono ileile. Miaka mingi baadaye Snow alipoandika juu ya kipindupindu, aliwataja wachimbaji wa makaa ya mawe kuwa mfano wa jinsi ugonjwa unavyopita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu.

Mwaka 1836 alikwenda London kusoma. Alifaulu mitihani ya udaktari mwaka 1838, akafungua chumba cha kutibia huko Soho, na mwaka 1844 akapata shahada ya juu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London.

Bingwa wa dawa ya usingizi

Wakati huo kilichompa Snow sifa hakikuwa kipindupindu. Kilikuwa dawa ya usingizi.

Kabla ya mwishoni mwa 1846, mgonjwa wa London alipopasuliwa alipasuliwa akiwa macho, ameshikwa na wanaume wenye nguvu. Dawa ya kuvuta iitwayo etha ilipofika, madaktari wengi waliitumia kwa kubahatisha. Mgonjwa mmoja alilala vizuri, mwingine hakulala, mwingine akafa. Snow alikaa akapima. Alichunguza joto linavyobadilisha kiasi cha mvuke wa dawa hewani, akatengeneza kifaa chake cha kuvutia, na mwaka 1847 akachapisha kitabu juu ya etha. Baadaye aliibobea klorofomu vilevile.

Mwaka 1853 Malkia Victoria alipokuwa anajifungua mtoto wake wa nane, Snow ndiye aliyeitwa ikulu kumpunguzia uchungu kwa klorofomu. Aliitwa tena mwaka 1857. Mtoto wa kibarua wa York alikuwa amefika mbali.

Kazi hii ilimfundisha jambo lililomsaidia baadaye. Alijua vizuri jinsi mvuke na gesi zinavyoingia mwilini kupitia mapafu, na madaktari wa wakati ule walisema kipindupindu huingia kwa njia hiyohiyo.

Hewa chafu au maji machafu?

Wakubwa wa afya wa Uingereza waliamini kwamba magonjwa ya mlipuko huletwa na harufu mbaya: mvuke unaotoka kwenye uozo, taka na vinyesi. Penye kunuka pana ugonjwa. Imani hiyo haikuwa ya kijinga, maana kweli mitaa iliyonuka ndiyo iliyokuwa na vifo vingi.

Lakini Snow alitazama mgonjwa. Kama ugonjwa unaingia kwa pumzi, aliona, basi ungeanza na mapafu au homa ya mwili mzima. Kipindupindu huanza tumboni. Kwa hiyo aliamini kwamba chanzo chake ni kitu kilichomezwa. Kitu hicho kimo kwenye kinyesi cha mgonjwa, kinazaana ndani ya utumbo, na kinaingia kwa mtu mwingine kupitia mikono, chakula, na zaidi ya yote, maji.

Mwaka 1849, kipindupindu kilipokuwa kimerudi na kuua zaidi ya watu 14,000 London peke yake, Snow alichapisha kijitabu chembamba akieleza hoja hiyo. Wachache walikisoma, na wengi wa waliokisoma hawakukubali.

Imani ya harufu ilikuwa na madhara. Ili kuondoa uvundo mitaani, serikali ilisukuma uchafu wa mashimo ya vyoo uende mto Thames. Na makampuni ya maji yalichota maji ya kunywa kutoka mto huohuo. Mitaa ilipungua harufu, mto ukawa choo.

Septemba ya Broad Street

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kililipuka Soho, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwa Snow. Ndani ya siku tatu watu 127 wa mtaa wa Broad Street na jirani zake walikuwa wamekufa. Familia nyingi zilifunga milango na kukimbia. Mpaka mlipuko unakwisha, waliokufa walikuwa 616.

Snow alishuku pampu. Alichota maji akayatazama. Hayakumwonyesha kitu cha wazi. Yalikuwa maangavu, na uchafu mdogo aliouona ulikuwa ukibadilika siku hadi siku. Mtu mwingine angeishia hapo.

Yeye alikwenda ofisi ya kuandikisha vifo, akachukua orodha ya marehemu 83 wa siku tatu za mwanzo, kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Maswali yake yalikuwa mepesi. Marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi? Nani aliyachota? Lini?

Karibu wote walikuwa wamekufa jirani na pampu ya Broad Street. Ni vifo kumi tu vilivyotokea kwenye nyumba zilizokuwa karibu zaidi na pampu nyingine. Kati ya hao kumi, ndugu wa watano walimwambia kwamba walikuwa na kawaida ya kutuma mtu Broad Street kwa sababu waliyapenda maji yake. Wengine watatu walikuwa watoto waliosoma karibu na pampu hiyo.

Hakuishia kwa waliokufa. Alitafuta pia watu ambao kwa hesabu ya jirani zao walipaswa kufa, nao wakapona.

Karibu na pampu palikuwa na nyumba ya kulelea maskini yenye watu 535. Nyumba zote za kuizunguka zilikuwa na misiba, lakini humo walikufa watano tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Palikuwa na kiwanda cha bia mtaani hapohapo chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Walikunywa bia waliyopewa kazini, na kiwanda kilikuwa na kisima chake pia. Lakini kiwanda cha fataki za bunduki, katika mtaa uleule, kiliwawekea wafanyakazi mapipa mawili ya maji ya pampu. Kiwanda hicho kilipoteza watu 18.

Kisha akapata ushahidi uliokuwa mzito kuliko wote. Mama mmoja mjane alikufa kwa kipindupindu huko Hampstead, mbali na Soho, mahali penye hewa nzuri na pasipo na ugonjwa. Mama huyo aliwahi kuishi Broad Street na aliyapenda mno maji ya pampu ile. Watoto wake, waliokuwa na kile kiwanda cha fataki, walimpelekea chupa ya maji hayo kila siku kwa mkokoteni. Alikunywa maji yaliyochotwa tarehe 31 Agosti, na tarehe 2 Septemba akafariki. Binti wa ndugu yake alikuja kumtembelea, akanywa maji yaleyale, akarudi kwake Islington, naye akafa. Hampstead hapakuwa na kipindupindu, wala mtaa alioishi binti huyo. Hewa ya Soho haikuwafuata huko. Kilichowafuata ni chupa.

Mpini wa pampu

Jioni ya Alhamisi tarehe 7 Septemba, Snow aliomba kuonana na kamati ya parokia iliyosimamia eneo hilo. Hawakuwa na hakika kwamba anasema kweli. Lakini watu walikuwa wanakufa, na alichoomba hakikuwa na gharama kubwa. Kesho yake, tarehe 8 Septemba, mpini wa pampu ukaondolewa.

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kana kwamba mpini uling'olewa na ugonjwa ukakoma palepale. Snow mwenyewe hakudai hivyo. Alikiri kwamba vifo vilikuwa vimeanza kupungua, kwa kuwa watu wengi walikuwa wameshakimbia.

Lakini kuna jambo ambalo siku ile hakulijua. Ili tulielewe, inabidi tumtaje kasisi kijana wa Soho aliyeitwa Henry Whitehead. Kasisi huyu alikuwa akiingia nyumba hizo kila siku kuwaombea wagonjwa, na hakuikubali hoja ya Snow hata kidogo. Aliamua kuchunguza mwenyewe ili aivunje. Alirudi kwa waumini wake, wengine mara nne au tano, akiuliza nani alikunywa nini. Kadiri alivyouliza, ndivyo alivyojikuta anakubaliana na Snow.

Hatimaye, akipekua orodha ya vifo, aliona jina la mtoto wa miezi mitano aliyefariki kwa kuharisha katika nyumba namba 40 Broad Street, nyumba iliyotazamana na pampu. Mtoto huyo alianza kuugua siku chache kabla ya mlipuko. Mama yake alipoulizwa alieleza kwamba alilowesha nepi za mtoto kwenye ndoo, na baadhi ya maji hayo akayamwaga kwenye shimo la maji machafu lililokuwa mbele ya nyumba.

Mwaka 1855 mafundi walifukua. Kisima kilikuwa kimekaguliwa kabla ya hapo kwa ndani, na wakaguzi hawakuona ufa wowote. Safari hii walianzia upande wa shimo. Matofali ya shimo yalikuwa yameoza na kulegea. Kati ya shimo na ukuta wa kisima palikuwa na chini ya mita moja, na udongo wa hapo ulikuwa umelowa uchafu kama tope la kinamasi.

Tena, baba wa mtoto yule alishikwa na kipindupindu tarehe 8 Septemba, siku ileile mpini ulipoondolewa, akafa baadaye. Uchafu wake ungeweza kupita njia ileile na kuingia kisimani. Kama pampu ingekuwa bado inafanya kazi, huenda Soho ingepata mlipuko wa pili.

Majirani wawili, mabomba mawili

Wakati huohuo Snow alikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi, kusini mwa mto Thames. Huko makampuni mawili yaliuza maji katika mitaa ileile. Nyumba hii ilikuwa na bomba la kampuni moja, nyumba ya pili bomba la kampuni nyingine. Majirani walivuta hewa moja, walikuwa na kazi moja na kipato kimoja. Tofauti yao ilikuwa maji.

Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pa kuchotea mwaka 1852, ikaenda juu ya mto kabla maji hayajafika mjini. Kampuni ya Southwark and Vauxhall iliendelea kuchota katikati ya jiji, penye uchafu wote.

Snow alitembea mlango kwa mlango. Wapangaji wengi hawakujua kampuni yao, hivyo alichukua maji na kuyapima chumvi kwa kemikali. Maji ya katikati ya jiji yalikuwa na chumvi nyingi mno kuliko yale ya juu ya mto, na hapo akajua yametoka wapi. Katika wiki saba za mwanzo za mlipuko wa 1854, nyumba za Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Nyumba za Lambeth zilikuwa na vifo 37.

Mwaka 1855 aliyachapisha yote hayo katika toleo jipya la kitabu chake, pamoja na ramani ya vifo vya Soho. Alitumia zaidi ya paundi 200 za mfuko wake. Mauzo hayakumrudishia hata paundi 4.

Kufa bila kusikilizwa

Kamati ya serikali iliyochunguza mlipuko wa Soho iliikataa hoja yake. Mpini wa pampu ya Broad Street ulirudishwa baadaye, kwa sababu wakazi waliutaka. Maji yalikuwa matamu.

Snow aliendelea na kazi ya dawa ya usingizi. Tarehe 10 Juni 1858, akiwa anaandika kitabu chake juu ya klorofomu, alipata kiharusi. Alifariki tarehe 16 Juni, akiwa na umri wa miaka 45, akazikwa makaburi ya Brompton. Jarida kubwa la madaktari wa London lilitangaza kifo chake kwa maneno machache, likataja dawa za usingizi, na halikutaja kipindupindu kabisa.

Kiangazi hichohicho uvundo wa mto Thames ulizidi mpaka wabunge wakashindwa kukaa bungeni. Wakapitisha fedha za kujenga mifereji mikubwa ya maji taka chini ya jiji. Walifanya hivyo kwa kuogopa harufu, lakini kwa kuuondoa uchafu katika maji waliyokunywa waliokoa maisha ya wengi. Mwaka 1866 kipindupindu kilipopiga mashariki ya London, ambako mifereji ilikuwa haijakamilika, mtaalamu wa takwimu William Farr, ambaye awali aliamini hewa, alifuata maji. Na mwaka 1883, akiwa Misri, Robert Koch wa Ujerumani alimtambua kijidudu chenyewe kwa hadubini. Snow alikuwa kaburini miaka 25.

Pwani yetu nako

Ugonjwa huo haukutuacha sisi. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja na pwani ya Afrika Mashariki. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyefanya kazi Unguja, alifuatilia njia yake kupitia misafara ya bara na majahazi ya pwani, na mwaka 1876 akachapisha kitabu. Alifanya kama Snow alivyofanya: kuuliza watu, kufuata nyayo za ugonjwa, kuandika. Na mpaka leo haujaondoka. Wengi wetu tunakumbuka mlipuko wa Tanzania ulioanza Agosti 2015.

Maswali ya Snow kwenye kisima chako

Snow alishughulika na uchafu unaotoka kwa binadamu. Swali lake la kwanza leo lingekuwa hili: choo kiko wapi?

Wataalamu wanashauri choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na chini ya shimo kusiwe karibu na maji ya ardhini; pawe na udongo wa mita moja na nusu au zaidi katikati. Udongo mkavu huchuja vijidudu, lakini ukiwa umejaa maji au ni mwamba wenye nyufa, hauchuji vizuri. Kisima kiwe upande wa juu wa mteremko, choo upande wa chini. Mdomo wa kisima uinuliwe na ufunikwe, pembeni pawe na sakafu ya zege na mfereji wa kutoa maji yanayomwagika, na mifugo inyweshwe mbali. Baada ya mvua kubwa au mafuriko, chukulia kwamba kisima kimeingia uchafu hata kama maji ni maangavu. Chemsha mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.

Lakini si kila kitu kibaya ardhini kimeletwa na mtu. Katika maeneo ya Meru, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, miamba yenyewe hutoa madini ya floridi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika na miguu kupinda. Hapa kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale, na maji yaliyobaki yanakuwa na floridi nyingi zaidi. Vivyo hivyo kwa chumvi za naitreti zinazotoka kwenye mbolea na samadi.

Kinachosaidia ni kutafuta chanzo kingine, kuvuna maji ya mvua, au kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa kipimo maalumu, njia ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha.

Na namna ya kugundua ni ileile ya majirani wawili. Kama watoto wa kitongoji kimoja wana meno ya kahawia na wa kitongoji cha pili wana meno meupe, ulizeni kila upande unachota wapi. Kama nyumba tatu zinaharisha na ya nne haiharishi, ulizeni ya nne inakunywa nini. Andikeni majibu, mpelekeeni afisa afya wa kata au ofisi ya RUWASA ya wilaya, na ombeni maji yapimwe maabara.

Kwa leo anza na jambo moja lisilo na gharama. Simama kwenye kisima mnachokitegemea, tembea kuelekea choo kilicho karibu zaidi, chako au cha jirani, ukihesabu hatua ndefu. Zisipofika 30, una jambo la kuwaeleza wenzako kwenye mkutano wa kijiji.